Nilivyojifelisha Mtihani wa Maadili

Tulipoachana, ndugu msomaji, nilikuwa kwenye chumba cha mtihani, barakoa imenifika chini ya macho, nakohoa kikohozi cha uongo, na msimamizi anayepita kati ya madawati ni msaidizi mwenzangu tunayekaa naye ofisi moja. Akasimama pembeni yangu. Akanitazama. Wengi mmeniandikia mkiuliza kama alinitambua.

Hakunitambua. Alinipa karatasi ya ziada akasema, "Kama unaumwa, kijana, kaa mbali na wenzako." Basi, akaenda zake. Ningejua yanayokuja, ningeivua ile barakoa palepale nikaungama, yaishe.

Kwa aliyeingia leo, nieleze kidogo asije akanidhania jambazi. Digrii ninayo tayari, ya historia. Niliisoma kwa sababu baba, Mungu amrehemu, alitaka mtoto wa kuvaa tai. Tai nilivaa. Kazi sikupata. Kisha Mama akapatwa na kiharusi, nikakaa naye nyumbani nikimgeuza, nikimwogesha, nikimlisha kwa kijiko, na pale kitandani kwake ndipo nilipojua nimeumbiwa nini. Nilitaka kuwa nesi.

Nilipokwenda kuomba mkopo wa kusoma uuguzi, mama wa dirishani alitazama kompyuta yake, akanitazama mimi.

"Wewe una digrii."

"Ndiyo, mama."

"Wenye digrii hawakopeshwi digrii nyingine. Wenzako hata moja hawana. Kama unapenda sana kusoma, panda juu, kasome masta. Huko kuna posho."

Nikapanda juu. Nikaandikishwa masta ya historia, nikapewa usaidizi wa mhadhiri, yaani kufundisha vikundi vya mwaka wa kwanza na kusahihisha mitihani yao, na posho kila mwisho wa mwezi. Ile posho, badala ya kuila, nikavuka nayo barabara mpaka kitivo cha uuguzi, nikajiandikisha mwaka wa kwanza kwa jina la babu. Chuo kilekile! Na sheria ya chuo ni mtu mmoja, kozi moja. Ukikamatwa unafukuzwa huku na huku.

Mnauona mtego? Nikimaliza masta, posho inakatika na uuguzi unakufa. Kwa hiyo ilinibidi niwe mwanafunzi asiyemaliza. Tasnifu yangu ilikwisha zamani, nikailaza chini ya godoro, nikawa nanakili vipande vidogo vidogo na kuvipeleka kwa Profesa, huku naomba radhi kwamba utafiti ni mgumu.

Profesa wangu wanafunzi wanamwita Mzee Tanbihi, maana maelezo ya chini ya ukurasa anayapenda kuliko ukurasa wenyewe. Na ana kawaida yake moja inayojulikana chuo kizima. Rasimu iliyopigwa chapa haigusi. "Mashine inamficha mtu alipokwama," husema. "Niandikie kwa mkono nikuone." Mwandiko wangu anaujua kuliko ninavyoijua sura yangu kwenye kioo.

Sasa huyohuyo Mzee Tanbihi ndiye mwenye somo la Maadili, ambalo kila wa mwaka wa kwanza lazima alifaulu, awe mhandisi, awe mwanasheria. Nesi asiyefaulu Maadili haingii wodini kwa mafunzo. Ndiyo maana nilikuwa nimekaa pale na barakoa, natahiniwa somo ninalolifundisha mimi mwenyewe.

Haya. Twende.

Jumatatu Profesa alitugawia mabunda ya karatasi za kusahihisha. Karatasi zina namba tu, majina hamna. Mwenzangu, yule msimamizi wa mtihani, tunayemwita Kisu kwa jinsi anavyokata alama, alipata wahandisi. Mimi nikapata manesi.

Nikalitazama lile bunda. Ndani yake nimo.

"Kisu, dada yangu," nikaanza, sauti laini. "Tubadilishane. Chukua manesi, nipe wahandisi."

"Wahandisi wanaandika kama wanachimba mtaro. Wewe unawatakia nini?"

"Manesi nimewachoka."

"Umewasahihisha lini ukawachoka?"

"Wanaandika sana. Macho yangu siku hizi..."

Akanikazia jicho. Kisu akikukazia jicho unaweza kuungama hata dhambi ya jirani.

"Vikundi vyangu vya Ijumaa utanifundishia mwezi mzima," akasema.

"Mwezi mzima?"

"Au baki na manesi wako."

Nikakubali. Nikatoka na wahandisi kwapani, najiona mjanja. Mwandiko wangu Kisu haujui. Nilisema moyoni, sasa nitasahihishwa kwa haki kama mwanafunzi yeyote, sijamdhulumu mtu, sijajipendelea. Kumbe ndiyo kwanza nakalia kuti kavu.

Nyumbani nilimkuta Dada ananisubiri na futi ya kupimia shingoni. Dada yangu ni fundi cherehani, na ndiye aliyenilea tangu baba afariki. Digrii ya kwanza imelipwa na sindano yake. Chumba cha mbele ndicho kiwanda chake, cha nyuma ndicho cha Mama, na mimi nalala kwenye ujia wa katikati.

"Daktari, simama hapa."

"Dada, masta si udaktari."

"Unaelekea huko. Nyoosha mkono. Suti ya mahafali nimeshaikata, naogopa utanenepa kabla hujamaliza. Unamaliza lini?"

"Karibu."

"Karibu hiyo nimeisikia mpaka wateja wananicheka. Yule mama wa gauni la kijani ameniuliza, 'Mdogo wako anasoma kitabu kimoja au maktaba nzima?'"

Nikacheka kicheko cha kukausha koo. Akanizungushia futi kifuani, akanifinya shavu kwa vidole viwili, kama nina miaka sita.

"Mdogo wangu, mimi nimechoka," akasema, na sasa hakuwa anatania. "Macho hayaoni tena tundu la sindano. Ukimaliza utapata kazi ya ualimu chuoni, na mimi nipumzike. Hilo tu ndilo naomba."

Ningemwambia nini? Kwamba sitaki kuwa mwalimu wa chuo? Kwamba kila siku napita mlangoni pake na sare ya uuguzi imekunjwa chini kabisa ya mkoba? Nikasema, "Sawa, Dada," nikaingia kwa Mama kabla uso haujanisaliti.

Mama ndiye pekee niliyemwambia. Mama alikuwa hasemi tangu alipougua, kwa hiyo siri ilikuwa salama kama iko benki. Kila nilichofundishwa mchana nilikuwa nakifanyia mazoezi kwake jioni: kumgeuza asipate vidonda vya mgongo, kumnyoosha vidole, kumfundisha ulimi. "Sema a, Mama. Sema na." Na Mama ananitazama tu, jicho moja limejaa kicheko.

Jioni ile Dada akanifuata mle ndani na mkono wa suti, apime tena. Nimemwinua Mama nusu, namlaza kwenye mto kama tulivyofundishwa, mara Mama akafungua mdomo.

"Ne," akasema. Akapumzika. "Nesi."

Futi ikamwanguka Dada. Neno la kwanza tangu ugonjwa!

"Mama! Umesema! Daktari, umesikia?" Dada akapiga magoti, machozi yanamtoka. "Anataka nesi! Mama yangu anataka nesi. Tutakutafutia, Mama, hata kwa kuuza cherehani."

Mama, kwa mkono wake mzima, akakishika kidole changu akakielekeza kwangu mwenyewe. Nikauficha mkono wake chini ya shuka upesi upesi. Jamani! Nimeufundisha ulimi wa shahidi kwa mikono yangu, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilitaka kupiga kelele, na hofu kiasi kwamba nilitaka kukimbia.

Alhamisi Profesa akatuita.

"Mmemaliza? Vizuri. Sasa badilishaneni mabunda. Mwaka huu kila karatasi inasomwa na wawili. Mkipishana alama zaidi ya kumi, nileteeni mimi nisome."

Kisu akanisukumia manesi huku anacheka. "Wamekurudia, mume wao."

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nikalifungua bunda, nikapekua mpaka nikakutana na mwandiko wangu. Swali lilikuwa hili: eleza mgongano wa maslahi, utoe mfano mmoja wa kweli unaoufahamu.

Mle chumbani siku ile nilikuwa sina mfano kichwani ila mmoja. Nikaubadilisha kidogo. Niliandika juu ya seremala anayelipwa kila wiki na mwenye nyumba atengeneze mlango. Mlango umekwisha, lakini ameuficha, kwa sababu kwa yale malipo anajifunza ufundi mwingine anaoupenda kuliko mbao. Anakuja kila asubuhi, anaranda ubao uleule, anaambiwa pole na kazi. Nikaandika anavyojisikia akiambiwa pole. Hapo niliandika ukurasa mzima.

Na pembeni, kwa wino mwekundu wa Kisu: "Hakuna mtu wa namna hii. Mfano wa kutunga. 29."

Kufaulu ni arobaini. Hakuna mtu wa namna hii! Na mimi nimekaa palepale, nina damu na pumzi, kalamu imenigandia mkononi.

Nikasoma tena, safari hii kama msahihishaji. Wallahi, angekuwa mtu mwingine ningempa sabini. Lakini fanya hesabu uone. Nikimpa sabini, au hata arobaini tu ya kufaulu, tumepishana na Kisu zaidi ya kumi, karatasi inakwenda kwa Profesa, naye akiona herufi ya kwanza tu ananijua. Nikibaki karibu na Kisu, karatasi haifiki kwake, lakini nimefeli, na wodini siingii. Huku moto, huku maji.

Nikajaribu mlango wa uani.

"Kisu, huyu wa seremala hukumwonea kidogo?"

"Yule? Alinichekesha. Nani anaficha mlango uliokwisha?"

"Labda ana sababu."

"Basi akamweleze mwenye nyumba."

"Mwongezee kidogo, na mimi nimwongezee, mtoto wa watu apite."

Akaweka kalamu chini. "Wewe una nini na huyu? Mpenzi wako?"

"Hapana!"

"Ndugu yako?"

"Siyo ndugu... namfahamu tu."

"Unamfahamu." Akanisogelea. "Unafundisha Maadili, wewe? Ukimfahamu mtahiniwa, unakwenda kwa Profesa unasema. Au nikakusemee?"

"Hapana, hapana. Si kufahamiana huko. Namwona tu kwenye njia."

"Basi msahihishe kama humfahamu."

Nikamsahihisha kama simfahamu. Kwa kweli nilimsahihisha kama namchukia. Nikaandika "30" chini ya ile 29, nikatia sahihi, nikafunga bunda kwa kamba. Siku zile zote za kuamka alfajiri, kuvuka barabara na kubadilisha shati chooni, posho ile yote, na aliyenifungia mlango wa wodi ni mimi.

Nililia, sioni haya kusema. Nililia chooni kwa wanaume, bomba la maji nimelifungulia nisisikike.

Narudi nyumbani, nakuta godoro langu limening'inia kwenye ukuta wa uani, linaota jua.

Nikakimbilia ndani.

"Dada! Godoro!"

"Lilikuwa linanuka jasho la kusoma," akajibu kutoka cherehanini, anacheka. "Halafu wewe ni msahaulifu, Mungu wangu! Unahangaika na kitabu kumbe kimekwisha kiko chini yako. Kurasa zote, na mwisho umeandika 'Mwisho'. Nikasema, huyu kwa uchovu amesahau kukipeleka."

Nikaketi juu ya vitambaa vyake.

"Nimekusaidia," akasema Dada. "Nimevaa, nimekifunga kwa kitambaa kizuri, nimekipeleka mwenyewe. Mzee wa watu ana adabu! Alinipa kiti chake. Akaniuliza, 'Kilikuwa wapi?' Nikamwambia, chini ya godoro, Profesa, tangu nilipofua mapazia, miezi mingi sasa."

"Tangu..."

"Si ndiyo? Wakati wa mapazia niliyaona yale makaratasi, nikadhani ni ya zamani. Kwani nimekosea?"

Alikuwa anatabasamu. Macho yake mekundu kwa kushona, tabasamu limejaa uso mzima, na suti yangu imekamilika inaning'inia nyuma yake, imebaki vifungo. Utamkasirikia vipi mtu kama huyo?

"Hujakosea, Dada," nikasema. "Asante."

Nikaingia kwa Mama, nikafunga mlango. Nikamgeuza ubavu wa kushoto, nikamkanda mgongo, nikamweleza yote kwa sauti ya chini. "Mama, yamekwisha. Masta imekwisha kwa hiyo posho imekwisha. Maadili nimefeli, nimejifelisha mwenyewe. Sitaingia wodini. Sitakuwa..."

Mama akaukamata mkono wangu kwa ule mkono wake dhaifu, uliokuwa haushiki kitu. Ulishika.

"Nesi," akasema. Akavuta pumzi, akanitazama kwa hasira kabisa, kama zamani nikikataa kuoga. "Nesi wangu."

Niliinamisha kichwa kwenye ubavu wake nikabaki hapo mpaka Dada akagonga kuuliza kama Mama amesema tena.

Asubuhi Kisu alinipokea mlangoni mwa ofisi, uso umembadilika.

"Mzee anakuita. Amekaa na karatasi za manesi."

"Zipi? Hatukupishana hata moja."

"Za waliofeli. Hujui? Kila aliyefeli Maadili, Mzee anamsoma mwenyewe kabla matokeo hayajatoka. Anasema mtu hahukumiwi Maadili na vijana peke yao. Mwaka jana hukupewa Maadili, ndiyo maana."

Kumbe nimejifelisha bure! Ningejipa sabini, ingekwenda kwake. Nimejipa thelathini, imekwenda kwake. Tofauti ni kwamba sasa ina sahihi yangu chini.

Ofisi ya Profesa ni ndogo, vitabu vimekula kuta zote, na kiti cha mgeni ni kimoja, kile kilichofungwa waya mguuni. Hakuniambia nikae. Mezani, kulia kwake, tasnifu yangu nzima, bado juu ya kitambaa cha maua cha Dada. Kushoto, karatasi moja ya mtihani.

"Dada yako ni mtu mwema," akaanza.

"Ndiyo, Profesa."

"Nimesoma mpaka mwisho. Kazi nzuri. Tanbihi zimenyooka." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitambaa kile cha maua. "Kila ulipokuja hapa nilikuwa nakwambia nini?"

"Pole na kazi," nikasema.

"Pole na kazi." Akarudisha miwani. "Basi, tuyaache hayo kwanza. Nisaidie na hili. Kuna mtahiniwa wa uuguzi, wa seremala. Mwenzako kampa ishirini na tisa. Wewe ukampa thelathini. Mlimfelisha kwa nini?"

"Tulidhani... mwenzangu aliona mfano umetungwa."

"Na wewe? Wewe uliona umetungwa?"

Nikiitikia, nimemwita yule seremala mwongo. Nikikataa, nilimfelisha kwa nini?

"Hapana, Profesa," nikasema. "Niliona ni kweli."

"Mimi pia." Akachukua kalamu yake, akazipiga mstari alama zetu zote mbili, akaandika alama yake mwenyewe pembeni, taratibu, huku kaizuia karatasi kwa kiganja nisione. Akaigeuza kifudifudi. "Nataka kumwona huyo kijana. Wewe unafundisha mwaka wa kwanza, utamjua. Kamlete."

"Leo, Profesa?"

"Sasa hivi."

Nikageuka. Nimeshika kitasa cha mlango, akaniita.

"Na wewe urudi. Msinijie mmoja mmoja, nawataka hapa wote wawili."

Nikakitazama kile kiti cha waya. Sijui kwa nini, mdomo ukajisemea wenyewe. "Nitafute kiti kingine, Profesa?"

Mzee Tanbihi hakuinua macho. Alikuwa ameanza upya ukurasa wa kwanza wa tasnifu yangu.

"Hicho kimoja kitawatosha," akasema.